Mawe ya MaGaba

Kaburi la MaGaba pale kijijini Mthwaku lina mawe mengi kuliko kaburi la chifu. Mgeni akipita hudhani amelala hapo mtu mkubwa, au mtu aliyeogopwa akatiwa uzito asije akatoka. Si hili wala si lile. Kwa desturi ya pale, aliyekosa maziko huja na jiwe moja, akaliweka juu ya kaburi, akamsalimu marehemu na kumweleza kilichomzuia. Jiwe moja linatosha. Binti mkubwa wa MaGaba alipeleka ishirini na tatu.

Jina lake Nowethu, wa ukoo wa Mpinga, kwa hiyo watu walimwita MaMpinga. Alizaliwa mwaka wa njaa, elfu moja mia tisa ishirini na mbili, na wakunga walisema alitoka ngumi zimekunjwa. Wakunga husema mengi. Lililo kweli ni kwamba alinyonya kwa mama mkaidi. MaGaba alikuwa mwanamke mrefu, mvuta kiko cha shina refu, na kiko kile akikitoa mdomoni ujue kuna mtu atasemwa.

Siku moja, Nowethu akiwa na miaka saba hivi, alikwenda na mama yake dukani kwa Mzungu kununua sukari. Mtoto wa mwenye duka alikuwa amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia, umri wake sawa na wa Nowethu. Akasema, "Niite bwana mdogo kwanza, ndipo baba akupe sukari."

MaGaba akatoa kiko. "Mtoto wangu huyu hapa ana meno mawili zaidi yako," akasema, "na hata yeye simwiti bwana."

Wakarudi nyumbani bila sukari. Walikunywa chai chungu mwezi mzima, na MaGaba alikuwa akipuliza kikombe na kusema, "Tamu sana." Nowethu na mdogo wake Thenjiwe walikua na neno hilo. Mtu asiite mtu bwana. Asiombe kilicho chake. Shingo ikishainama mara moja hujua njia.

Shule aliisoma miaka miwili tu, kisha akaitwa kupalilia. Alipofika umri wa kuolewa aliolewa na Zweli, akaenda naye mjini Port Elizabeth, wakapata nyumba ya vyumba viwili mtaa wa New Brighton. Zweli alifanya kazi kiwanda cha matairi, na moshi wa pale ulimmaliza mapafu, akafa mwaka wa hamsini na nane. Hawakujaaliwa mtoto. Nowethu alifua nguo za Wazungu, akazifulia nyumbani kwake, maana alisema jikoni kwa mtu hatasimama. Shuka zake zilikuwa nyeupe hata Wazungu wenyewe walizionea haya kuzilalia.

Mwaka wa hamsini na mbili watu walipoamua kuzivunja sheria za ubaguzi kwa makusudi, mchana kweupe, yeye alikuwa kwenye kundi la stesheni. Stesheni ilikuwa na milango miwili, mmoja wa Wazungu na mmoja wa wengine. Nowethu alivaa koti lake la kanisani akaelekea ule wa Wazungu. Askari akamzuia.

"Mama, huoni bango?"

"Naliona."

"Limeandikwaje?"

"Mimi shule nilisoma miaka miwili. Wewe uliyesoma nisomee."

"Limeandikwa Wazungu peke yao."

"Asante, mwanangu, umesoma vizuri," akasema, akapita.

Akafungwa siku thelathini. Alitoka amenenepa kwa kiburi, maana chakula hakikumnenepesha. Mtaa mzima ulimpokea kwa nyimbo, na MaGaba alimtumia kutoka Mthwaku kuku mzima aliyechemshwa, na ujumbe wa mdomo: kuku huyu hakuomba ruhusa kwa mtu.

Kisha ikaja habari ya vipande. Wanaume walikuwa wakibeba vipande tangu zamani, vile vyeti ambavyo Mwafrika bila navyo hakai mjini, sasa serikali ikataka na wanawake wabebe, na kila kipande kitiwe alama ya dole gumba la mwenyewe. Wanawake walikusanyika uwanjani nyuma ya nyumba za mwisho. Walikuwa wengi, wamevaa sare za makanisa yao, nyekundu na nyeupe na nyeusi. Hawakuwa na Biblia ya kuwatosha wote kuapia. Basi wakashikana madole gumba, kila mmoja dole la jirani yake, mnyororo ukazunguka uwanja, wakaapa: dole langu halitagusa karatasi yao.

Walioshikana siku ile wengi walikuja kulegea, watoto wana njaa na kazi haipatikani bila kipande. Hakuna wa kuwacheka. Lakini Nowethu hakuwa na mtoto wa kumlegeza. Dole lake halikugusa.

Walimkamata tena mwaka wa sitini na nne. Chama chao cha kupinga ubaguzi kilikuwa kimepigwa marufuku, na yeye alishtakiwa kwa kupika chai. Ndivyo hati ya mashtaka ilivyosema, kwamba siku fulani, nyumba fulani, alipika chai na kuwagawia watu waliokuwa wakifanya mkutano wa chama haramu. Hakimu akamwuliza kama ni kweli.

"Inategemea," Nowethu akasema. "Ilikuwa na maziwa au ya rangi?"

Watu wakacheka, naye akapata miaka mitano. Ila kabla ya hukumu mwendesha mashtaka alionyesha karatasi, akaiinua juu ili wote waione. Ilikuwa maelezo ya shahidi asiyejua kuandika, mwanamke wa mtaa wa pili, aliyekunywa chai ile ile na kikombe akaoshewa. Mwisho wa karatasi palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, kama mende aliyepondwa. Nowethu aliiangalia mpaka ikashushwa. Mwanamke yule naye alikuwa uwanjani siku ya kiapo, na dole alilolishika siku hiyo lilikuwa la Nowethu. Kuanzia hapo, alama ya dole kwenye karatasi ya serikali ilikuwa kwake na maana moja tu: hapa amepita mtu aliyeuza wenziwe.

Gereza la wanawake lilikuwa mbali kaskazini, baridi ya kule inakata kama kisu cha mchinjaji. Huko hata sufuria zilibaguliwa. Wafungwa machotara walipewa mkate, Waafrika hawakupewa. Walinzi wa kike walitaka waitwe bibi mkubwa. Nowethu hakumwita mtu bibi mkubwa hata siku moja, na kwa hilo alinyimwa chakula mara nyingi hata akaacha kuhesabu. Mfungwa mwenzake, mwalimu wa shule, alimfundisha kuandika jina lake kwa kipande cha sabuni sakafuni. Akajua kuliandika, akalifuta, akasema, "Zuri. Sasa nina kitu kingine cha kuwanyima."

Alitoka mwaka wa sitini na tisa na nywele nyeupe. Mlangoni akapewa amri ya marufuku, ya miaka mitano mingine. Asitoke New Brighton. Asikae na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, wakiwa watatu ni mkutano. Asiingie kanisani. Kama ana shida ya kwenda nje ya mtaa, aombe ruhusa kwa hakimu kwa maandishi.

Kwa hiyo MaGaba, aliyemngoja miaka mitano, alikuwa amengoja bure. Mthwaku ilikuwa safari ya nusu siku tu kwa basi, lakini ingekuwa Uchina ni hivyo hivyo. Bibi kizee mwenyewe alikuwa na kifua kibovu, basi halimwezi. Walipelekeana salamu kwa wapita njia. MaGaba alituma tumbaku, ingawa binti yake havuti. Nowethu alituma shuka.

Juni ya mwaka wa sabini na moja ilikuja telegramu kutoka kwa Thenjiwe, ambaye ndoa ilikuwa imemvunjikia akarudi kwao kumtunza mama. Ilisema: Mama hoi. Njoo.

Jirani yake Nontombi, ambaye ilikuwa zamu yake ya kukaa naye siku hiyo, alimsomea mara mbili. Kisha akasema, "Twende kwa hakimu sasa hivi. Nitasimama nje."

"Kufanya nini?"

"Kuomba ruhusa, MaMpinga. Mama yako anakufa."

"Nimwombe Kaburu ruhusa ya kumwona mama yangu? Alinizaa yeye?"

"Omba, uende, ukirudi umtukane."

"Aliyenizaa alinifundisha nisiombe. Nikienda mbele yake nimeomba, atanitazama kwa jicho gani?"

Nontombi alikuwa mtu mpole, lakini siku ile alipiga meza. "Hilo jicho litafumba, wewe, huku unapanga namna litakavyokutazama."

Nowethu akatoa karai. Siku mbili alifua. Alifua shuka zilizokuwa safi. Wanaosema hakuwa na moyo hawakuziona shuka zile, zilivyosuguliwa mpaka uzi ukachomoza.

Siku ya tatu, asubuhi, akaja Sajini Gwebani. Huyu alikuwa mtu wa pale pale, kabila moja nao, polisi wa siasa, kazi yake kuwachungulia wenye amri za marufuku. Alikuwa na tumbo na kofia ya Kizungu, na alizoea kusukuma mlango bila hodi. Alikuta Nowethu anapiga nguo pasi.

"Mama, leo nimekuletea heri," akasema. Akatandaza karatasi juu ya meza, pembeni ya pasi ya moto, akaweka na kibati cha wino. "Ruhusa ya siku tatu, kwenda Mthwaku. Imeshaandikwa, imeshapigwa muhuri. Weka dole hapa tu, upande basi la mchana."

"Mimi sikuomba ruhusa."

"Hujaomba, lakini imekuja. Utakataa mvua kwa kuwa hukuiita?"

Nowethu aliiinamia karatasi. Maneno yalikuwa mengi, ya Kizungu, madogo kama chawa. Chini kabisa palikuwa na nafasi mbili. Moja ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi.

Moyo wake ukarudi mahakamani moja kwa moja. "Hili dole la nani?"

Gwebani alitazama, akainua mabega. Huenda hakujua, huenda alikuwa na haraka tu. "La mtu mwenye akili kuliko wewe."

"La mtu asiye na haya," Nowethu akasema. "Nani huyu anayeniandikia nyuma ya mgongo wangu? Mmemnunua kwa nini safari hii, sukari? Mwambie mwenye dole hili ni mbwa wa kulamba sahani. Na karatasi hii uiondoe, nisije nikaipiga pasi."

"Mama yako anakufa, MaMpinga," Gwebani akasema, na kwa mara ya kwanza alivua kofia. "Mimi pia nilikuwa na mama."

"Ulikuwa naye. Sasa una Makaburu. Toka."

Akatoka. Mlangoni aliandika neno kwenye karatasi, akaikunja.

MaGaba alikufa Jumamosi ile. Telegramu ya pili ilikuwa na maneno mawili. Nowethu alitandika godoro chini kama mfiwa anavyokaa, akakaa, akajifunika blanketi. Na kwa kuwa sheria ilikuwa mtu mmoja, waombolezaji walipanga foleni langoni. Aliingia mmoja, akaketi, akalia kidogo, akatoka, akaingia mwingine. Wanawake wa kanisa walisimama barabarani wawili wawili, hatua ishirini baina ya hawa na hawa ili usiwe mkutano, wakaimba wimbo mmoja uliokatika vipande vipande kwa upepo. Foleni ile ilikwenda mpaka jioni. Gari la polisi lilikaa kona likahesabu.

Kila aliyeingia alimwambia Nowethu kwamba mama yake angejivunia. Yeye aliitikia, "Naam." Lakini akibaki peke yake kati ya anayetoka na anayeingia alijiuliza jambo moja tu: mama alisema nini? Mgonjwa wa siku tano hakosi kuwa na neno kwa mtoto wake mkubwa. Alimlaani? Alimbariki? Aliuliza amefika wapi?

Jambo hilo ndilo alilolibeba hadi mwaka wa sabini na nne, amri ya marufuku ilipokwisha. Oktoba ile alipanda basi, akashuka Mthwaku, akaokota jiwe mtoni kama desturi inavyotaka, akalipeleka kaburini. Alisalimu. Alipofika mahali pa kueleza kilichomzuia, hakueleza. Akasema tu, "Mama, nimekuja," akashuka.

Thenjiwe alikuwa mlangoni, ameshika mwiko. Alikuwa amezeeka kwa kazi ya peke yake.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, mdogo wangu."

"Makande yapo. Kula, basi linapita saa nane."

Wakala. Nowethu akaweka kijiko. "Mama alisema nini?"

"Lini?"

"Unajua lini."

Thenjiwe alitafuna mpaka mwisho, akameza. "Alisema mengi. Ukiniomba nitakwambia."

"Nimekuuliza."

"Umeniuliza kama polisi. Niombe. Wewe uliyeshindwa kumwomba hakimu kwa ajili ya mama, niombe mimi kwa ajili yako. Sema, Thenjiwe, nakuomba. Nilimgeuza ubavu siku tano peke yangu, nilimwosha peke yangu, nilimfumba macho kwa mkono huu, kazi ambayo ilikuwa yako. Hata neno moja la kuomba sistahili?"

Nowethu alinyanyuka, akachukua mkoba. Alisimama uani hadi saa nane akilingoja basi, na ndani Thenjiwe aliosha sahani mbili kwa muda mrefu kuliko sahani mbili zinavyohitaji.

Hao ni watoto wa mama mmoja. Juni iliyofuata Nowethu alikuja tena na jiwe, kana kwamba la kwanza halikupokelewa. Wakala makande. Hakuomba, hakuambiwa. Juni nyingine vile vile. Watoto wa Mthwaku walizoea wakawa wanaimba wakimwona, "Mawe, mawe, mama wa mawe," naye akiwapa peremende. Mchungaji alimwambia kwamba jiwe moja linatosha kwa Mungu. Akamjibu kwamba hakumletea Mungu. Nchi iliungua miaka ya themanini, watoto wakafa barabarani New Brighton, yeye akafungwa tena miezi mitatu bila mashtaka, na bado mwaka ule alipeleka jiwe, mwezi wa Agosti badala ya Juni. Wafungwa wakubwa walitoka magerezani. Watu wakapiga kura, naye akapanga foleni na mkongojo, akakataa kupelekwa mbele kwa sababu ya uzee. Vijana walimwalika kwenye sherehe na kumvisha skafu ya rangi za chama, wakamwita shujaa asiyeinama. Akirudi nyumbani aliivua skafu akaikunja kabatini, upande wa chini.

Watu husema majuto ni mjukuu. Kwake yalikuwa kifungua mimba, na hakupata mwingine.

Juni ya tisini na sita alikuwa na miaka sabini na nne. Jiwe alilolichagua mtoni lilikuwa kubwa mno kwa umri ule, lakini nani angemwambia. Katikati ya mlima goti likakataa. Alianguka ubavu, jiwe likabingirika hatua tatu chini, likatulia kwenye nyasi kama kondoo aliyelala.

Thenjiwe alikuwa akimwangalia kutoka uani, kama alivyomwangalia kila mwaka bila yeye kujua. Akapanda, taratibu, na yeye ana miguu ya kisukari. Akafika akihema, akaketi kando yake juu ya nyasi.

"Umevunjika?"

"Bado."

"Jiwe lenyewe kama ng'ombe. Unataka kumjengea ghorofa?"

Nowethu hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake, ina udongo. Kisha akasema kwa sauti ambayo Thenjiwe hakuwahi kuisikia, "Thenjiwe. Nakuomba."

Thenjiwe aligeuza uso. Alikuwa ameingoja sauti ile miaka ishirini na miwili, na sasa imekuja alitamani isingekuja. "Wacha," akasema. "Ni ya zamani."

"Nakuomba, mdogo wangu."

Basi akamwambia.

"Ulipochelewa siku ya kwanza, mama alisema, huyo hataomba, mimi nimemharibu. Akaniamuru nifunge punda kwenye sleji, ile ya mbao isiyo na magurudumu. Nikamlaza juu ya majani na blanketi, tukaenda hadi kwa hakimu, mji wa jirani, kutwa nzima. Tulilala nje ya ofisi. Kesho yake wakamngojesha hadi adhuhuri, anakohoa damu kwenye kitambaa. Alipoingia, karani mdogo wa Kizungu, ndevu hazijaota, akamwuliza anataka nini. Mama akapiga magoti."

"Nani alipiga magoti?"

"Mama yako. Na akasema, bwana. Nilimsikia kwa masikio haya. Akasema, bwana, nakuomba mwanangu aje anione. Wakaandika. Wakamshika dole wakalitia wino. Njiani kurudi alikuwa amelala juu ya majani ameliinua dole lake hivi, lisiguse blanketi. Nikamwambia, nipe nikufute. Akakataa. Akasema, akija MaMpinga aone kwamba nimeshaomba mimi. Yeye ataweka tu alama, shingo yake ibaki wima. Mimi yangu imeshazeeka, hata ikiinama itainama muda mfupi."

Nowethu alikunja dole gumba lake ndani ya ngumi.

"Alilala siku mbili na dole jeusi. Kila mbwa akibweka aliuliza kama ni wewe. Ndipo tarishi wa chifu akaja na jibu kutoka kwenu. Nilijaribu kumnyamazisha, lakini alikuwa mjinga, alisema yote kama alivyoagizwa. Kwamba umekataa. Kwamba umesema mwenye dole hana haya. Kwamba ni mbwa wa kulamba sahani."

"Alisema nini?"

"Alicheka. Alicheka mpaka kifua kikambana nikamshika. Akasema, huyo ni wangu, simkani." Thenjiwe alichuma jani akalipasua katikati. "Ungetaka niishie hapo, eti? Hata mimi ningetaka. Ndiyo maana nilingoja uombe, nikitumaini hutaomba. Baada ya kucheka akaomba maji. Nikadhani ya kunywa. Akatia dole, akaniomba na jivu. Akasugua. Wino ule hautoki, unaujua. Akasugua mpaka ngozi ikatoka, nikamnyang'anya bakuli. Alfajiri akafa. Nilimzika na kitambaa kwenye dole, watu wakaniuliza amejikata na nini. Nikasema kisu."

Upepo ulikuwa wa baridi. Chini bondeni mtu aliita mbuzi.

Thenjiwe alisimama, akaliendea jiwe, akalipindua kwa mguu. "Shika upande huo," akasema. Wakalibeba wawili, wakipumzika kila hatua kumi, hadi kaburini. "Na hili liwe la mwisho, dada. Mama hakupenda blanketi nzito."

Ilikuwa mara ya kwanza amwite dada tangu mwaka wa sabini na moja.

Mwaka uliofuata kulikuwa na tangazo redioni kwamba aliyewahi kufungwa au kuwekewa marufuku anaweza kwenda kuangalia jalada lake. Nowethu alikwenda mjini kwenye nyumba wanakohifadhi nyaraka, amevaa koti la kanisani. Msichana wa pale, mpole, mwenye kucha ndefu, alileta boksi, akalifungua, na wakatafuta pamoja kutwa nzima. Zilikuwepo karatasi za chai. Ilikuwepo karatasi ya mwanamke wa mtaa wa pili, naye Nowethu alimpita bila kusimama. Jua lilikuwa limegeuka dirishani ilipotokea ile nyingine.

"Nisomee," akasema.

Msichana akasoma, akiigeuza kutoka Kizungu. Mimi MaGaba, mjane wa Mpinga, wa Mthwaku, mgonjwa, namwomba Bwana Hakimu amruhusu binti yangu Nowethu aje anione kabla sijafa, na mimi nitakuwa mdhamini wake kwamba atarudi. Pembeni kwa kalamu ya risasi palikuwa na neno moja la mwandiko wa Gwebani: Amekataa.

"Hapa je?" Nowethu aliuliza, akionyesha ile nafasi tupu.

"Hapo palikuwa pa kwako, mama. Hapakujazwa. Nikutolee nakala uende nayo?"

Akamtolea. Lakini kwenye nakala dole la MaGaba lilikuwa doa jeusi tu, mistari yote imezama, lingeweza kuwa la mtu yeyote. Nowethu alilitazama, akairudisha nakala mezani. Akavuta ile karatasi yenyewe karibu. Ndani yake mistari ilionekana bado, myembamba, imezunguka kama njia za ng'ombe kuteremka mtoni, na katikati kovu la jeraha la shoka ambalo yeye mwenyewe alilifunga kwa kitambaa akiwa msichana. Lilikuwepo siku ile pembeni ya pasi ya moto. Hakuwa ameangalia.

Akanyoosha mkono.

"Usiguse, mama," msichana akasema kwa upole. "Hiyo ni karatasi ya serikali."

"Zamani walinibembeleza niiguse," Nowethu akasema.

Akaweka dole gumba lake juu ya lile la mama yake, akalikandamiza, akaliacha hapo mpaka msichana akatazama pembeni. Kisha akalihamisha hadi kwenye nafasi iliyokuwa tupu, akakandamiza na hapo. Lilikuwa kavu. Halikuacha alama yoyote.